Mashine Mbili, Nikaitaja Moja

Mliponiaga mlinipa koti zito la sufu. Ni koti zuri na nawashukuru, ila sijui ni nani kati yenu aliyeona kwamba mzee anayestaafia Temeke ana safari ya kwenda kwenye baridi. Mke wangu amelitundika sebuleni, na wageni wakija huuliza habari za koti kabla ya kuuliza zangu.

Mlinipa pia na kazi: niwaandikie mambo ya ufundi, vijana wa karakana wayasome. Vyeo nitaviruka, maana vilikuja kwa kuchelewa na havikunifundisha kitu. Nitaandika juu ya kazi yenyewe, na juu ya kosa moja nililolifanya bila kuvunja hata skrubu. Kosa hilo ndilo ninalotaka mlisome vizuri. Mengine mtajifunza mkononi.

Nilianza kwa Bwana Kaitano, Mgoa mwembamba aliyekuwa na duka la kutengeneza mashine za ofisi mjini, enzi za Waingereza. Siku ya kwanza hakunipa bisibisi. Alinipa kitambaa cheupe, mswaki wa zamani na taipureta iliyokufa, akaniambia niifungue yote, kila kipande nikilaze juu ya kitambaa kwa mpangilio niliokitolea, kisha niirudishe kama ilivyokuwa. Nilipomaliza, skrubu mbili zilibaki mkononi. Nikazitia mfukoni, nikasema tayari. Bwana Kaitano akaja, akaigonga mashine kwa ukucha, akainamisha sikio, akaninyooshea kiganja. "Mbili," alisema. "Toa." Mpaka leo sijui alisikia nini. Nilianza upya, na siku hiyo sikula mchana.

Vifaa vyetu vingi tulijitengenezea. Kulabu za kuvutia springi tulizipinda kutokana na spoki za baiskeli, na njiti za mwavuli uliochakaa zilikuwa mali. Adui wetu mkubwa alikuwa unyevu wa pwani. Mashine ya ofisi ya bara ungeiona mara moja kwa mwaka, ya Dar es Salaam ilikuwa inarudi kama mgonjwa wa malaria. Kulikuwa na moja ya misheni iliyogoma kila baada ya siku chache, tukabadilisha springi, tukabadilisha mkanda, tukakaribia kubadilisha dini, kumbe nyigu alikuwa akijenga nyumba ya udongo chini ya nyundo za herufi. Tangu hapo nilimwuliza kila mteja kama anafunika mashine yake jioni.

Bwana Kaitano alikuwa na sharti moja kubwa kuliko yote. "Wewe fundi, soma hapana," alikuwa akisema. "Barua ya mtu, ugonjwa ya mtu, hii yote sawasawa. Tengeneza, funika, kwenda." Tulikuwa tunaingia mahakamani, hospitalini, kwenye ofisi za mashamba ya mkonge, na kila mahali palikuwa na karatasi imeachwa kwenye mashine. Nilijifunza kuitoa na kuilaza kifudifudi kabla sijashika kifaa. Wateja walilipenda jambo hilo. Na mimi nilijipenda kwa ajili yake, ambalo ni jambo la hatari zaidi.

Nyie vijana mmekuta mashine za umeme, kwa hiyo nieleze kidogo mashine ya stensili ya wakati ule. Karani alikuwa anachapa kwenye karatasi laini yenye nta, herufi zinatoboa nta. Karatasi hiyo, ndiyo stensili, unaitundika kwenye ngoma yenye wino, unazungusha mkono, na kila mzunguko unatoa nakala. Kichwani mwa stensili pana matundu, na kwenye ngoma pana vijino vya kuyashika. Hapo ndipo wenye viwanda walipotukamata. Kila kiwanda kilikuwa na matundu yake, hesabu yake na nafasi zake. Ukinunua mashine ya kiwanda fulani, utanunua stensili zake mpaka mmoja wenu afe.

Ukaja wakati wa uchaguzi ule wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria. Vyama vilikuwa viwili vyenye nguvu upande wetu wa mji. Sitavitaja majina. Kimoja nilikuwa mwanachama wake, kingine nilikuwa fundi wake.

Tawi letu la Temeke lilikuwa chini ya Mzee Shomari, fundi cherehani, mtu wa maneno matamu aliyeshona huku akihutubia. Mke wangu Zuhura, Mama Asha, alikuwa kiongozi wa akina mama. Wengi wa watu wetu hawakuwa na sifa zilizotakiwa za kupiga kura. Zuhura naye hakuwa na kura, ila sauti alikuwa nayo, na sauti yake ilipita mitaa mitatu.

Siku moja adhuhuri Mzee Shomari aliniita nyumbani kwake. Chumbani kulikuwa na sanduku la mbao lenye maandishi ya kigeni, na ndani yake mashine ya stensili mpya kabisa, inanukia grisi. Ilikuwa zawadi kutoka kwa marafiki wa chama katika nchi moja ya ng'ambo. Nikaipenda palepale, nisiseme uongo. Nikaifunga miguu, nikatia wino, nikaangalia ngoma. Vijino vitano. Stensili zilizokuwa zikiuzwa mjini hazikuwa na matundu matano.

"Stensili zake zipo," alisema Mzee Shomari, akanisogezea boksi. "Wametuwekea kila kitu."

Niliinua moja kwenye mwanga wa dirisha ili niyaone matundu, na hapo nikavunja sharti la Bwana Kaitano, maana stensili iliyochapwa ukiiinua kwenye mwanga inajisoma yenyewe. Nusu ya stensili zile zilikuwa tupu. Nusu nyingine zilikuwa zimeshachapwa huko huko zilikotoka, kwa Kiswahili kilichonyooka kila neno, na hakuna hata sentensi moja ambayo mtu wa Temeke angeitamka. Zilisema mgombea yupi ni wa kweli na yupi ni wa kuangaliwa kwa jicho la shaka. Mmoja wa waliotakiwa kuangaliwa alikuwa mtu wetu wenyewe.

"Mzee Shomari, hizi zimeshaandikwa."

"Si afadhali? Karani wetu anaandika kama kuku anapekua."

"Zimeandikwa na watu ambao hawajawahi kuiona Temeke."

"Fundi, mtu akikuletea chakula una njaa, unamwuliza kapikia wapi?"

"Chakula naweza kukisusa. Hizi zikiisha, mashine hii haili nyingine. Itabidi tuwaombe wao, na barua yao hiyo mezani inasema wanataka kila mwezi tuwaarifu tumegawa karatasi zipi."

Akacheka, akanipiga begani. "Hao ndugu zetu bwana. Ndugu akiuliza habari, si unamwambia?"

Nilimwomba niichukue ngoma kwa siku tatu, nivikate vijino kwa tupa na kutia vingine, ili mashine ikubali stensili za mjini na tuandike yetu wenyewe. Alikubali nusu. Alisema niandae vijino, lakini zile zilizoandikwa tuzitumie kwanza, tusiwaudhi wenyewe. Nilirudi nyumbani na hofu. Sikujua naogopa nini hasa: makachero wa serikali, au wale ndugu wasiotufahamu.

Haikupita wiki mbili, likaja ombi dukani kutoka ofisi ya chama cha pili, Kinondoni. Mashine mpya inachafua karatasi. Bwana Kaitano akanituma mimi. Nikapanda baiskeli na mkoba wangu, na aliyenifungulia mlango alikuwa Elia, jirani yangu.

Elia alikuwa mtu wa Njombe, karani, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Aliishi na mke wake na mama yake mzazi, ambaye mtaa mzima tulimwita Bibi wa Njombe. Zuhura alipojifungua Asha, ndugu zake wote wakiwa kusini, ni bibi huyo aliyekuja siku arobaini mfululizo kumkanda kwa maji ya moto na kumpikia uji. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na Zuhura hakujua Kibena hata neno, lakini walikuwa wakicheka pamoja mchana kutwa. Ukiwauliza wanacheka nini, hawakuwa na jibu.

Mashine iliyokuwa mezani kwa Elia ilikuwa pacha wa ile ya Mzee Shomari. Kiwanda kilekile, rangi ileile, vijino vitano. Sanduku lake lilikuwa pembeni, na maandishi yaliyobandikwa juu yake yalikuwa ya nchi nyingine. Kiwanda hakina chama. Kinamwuzia kila anayetaka kutoa zawadi. Kando ya mashine palikuwa na boksi la stensili, na Elia alilifunika kwa gazeti nilipolitupia jicho, akachelewa kidogo.

"Fundi, wewe si huwa husomi?"

"Sisomi."

"Basi usisome." Alicheka bila furaha. "Na mie siziandiki. Zinakuja zimeandikwa. Siku hizi ukarani wangu ni kuzungusha mkono tu."

Tulitazamana. Nilikuwa na hamu ya kumwambia kwamba najua, na kwamba kwetu ni hivyohivyo. Badala yake nilisafisha magurudumu yanayovuta karatasi, nikapunguza wino, nikamtolea nakala safi, nikailaza kifudifudi. Akanishukuru. Nikaenda zangu.

Sasa kosa lenyewe.

Karatasi za chama cha pili zilianza kuonekana Temeke. Zilikuwa kali. Jumapili moja alasiri, tawi likakutana kwenye uwanja nyuma ya nyumba ya Mzee Shomari, watu wamejaa mpaka wengine wamesimama juu ya matofali. Mzee Shomari akainua moja ya karatasi zile, akaniita mbele. "Huyu ni fundi wa mashine hizi mji mzima," aliwaambia watu. "Yeye hana maneno, ana ujuzi. Fundi, tuambie kwa ujuzi wako, karatasi hii imetolewa na mashine gani?"

Ningeweza kusema sijui. Lakini nilikuwa sijawahi kuitwa mbele ya watu kwa ajili ya kazi yangu, na nilipenda kuulizwa. Nikaigeuza karatasi kwenye jua, nikawaonyesha watu wa mbele. Magurudumu ya kuvuta karatasi huacha alama hafifu pembeni. Mashine zinazouzwa hapa mjini, nikasema, huacha alama mbili. Hii ina tatu. Mashine hii haikununuliwa nchini.

"Imetoka wapi?" akauliza mtu.

"Ng'ambo," nikasema.

Uwanja ukalipuka. Zuhura alikuwa mstari wa mbele, akapiga vigelegele, na uso wake ulijaa fahari juu yangu ambayo sikuwahi kuiona tangu harusi. Mtu akapaza sauti kuuliza nani anaizungusha mashine hiyo ya wageni. Hakuna aliyehitaji jibu langu, maana mtaa mzima ulijua Elia ni karani wa wapi. Na mbele yangu kabisa alikaa mzee mmoja anajipepea na karatasi yetu sisi, ile tuliyoigawa juzi yake, na pembeni mwa karatasi hiyo niliziona alama tatu, zinapanda na kushuka mbele ya macho yangu. Niliangalia chini.

Kesho yake habari zilikuwa zimefika hadi dukani. Bwana Kaitano hakunigombeza. Aliendelea kupaka mafuta ekseli, kisha akasema bila kuinua kichwa, "Wewe soma moja, ingine funga jicho. Hii baya kuliko soma yote." Nikamwambia nilisema kweli tupu. "Ndiyo," alisema. "Kweli nusu."

Elia alitengwa kuanzia wiki ile. Hakuna aliyepigwa wala kutukanwa, na mtu asiyejua angeona mtaa umetulia. Ila akipita barazani, mazungumzo yanakatika. Mke wake akifika bombani na ndoo, wanawake wanaondoka wote na kumwachia bomba peke yake, kama ana ndui. Muuza duka alikuwa hana chumvi kila anapoulizwa na mtu wa nyumba ile. Amri ya bombani ilikuwa ya Zuhura, najua kwa sababu aliitoa mbele yangu, anachambua mchele.

"Na Bibi?" nikamwuliza.

"Bibi mwenyewe sina neno naye," alisema. "Lakini ndo yumo nyumba ile."

"Alikukanda siku arobaini, Mama Asha."

"Usinikumbushe!" Akaukutanisha mchele na mawe aliyokwisha kuyatoa, akaanza kuchambua upya. "Wewe ndo umesema mashine ya wageni. Sie tumetenda tu ulichosema."

Hilo lilinikaa kifuani. Kazini, springi ya mkanda, ambayo nilikuwa naitia nimefumba macho, ikawa inaniruka mara tano, mara sita. Nilikuwa nikipita mbele ya nyumba ya Elia nikiwa juu ya baiskeli, nakanyaga kwa nguvu, natazama mbele. Bibi wa Njombe alikuwa bado anakaa kizingitini mchana, amejifunga blanketi, anakohoa. "Shikamoo Bibi," nilikuwa nasema bila kupunguza mwendo. Na yeye, ambaye hakuwa anajua chochote cha uchaguzi, alikuwa anaitikia "Marahaba, mwanangu" nikiwa nimeshafika nyumba ya mbele.

Akafa Jumatano asubuhi, nikiwa sijaondoka kwenda kazini. Tulisikia kilio cha mke wa Elia, sauti moja tu. Kwa kawaida yetu, Mwislamu kwa Mkristo, kilio hicho kikisikika, kabla hakijakatika watu wameshafika. Wanawake wanakuja na kuni na vyungu, wanaume wanachukua majembe kwenda makaburini. Mfiwa hashiki kitu. Kazi yake ni kukaa na kupokea mikono ya watu. Zuhura alisimama mlangoni ameshika upande wa khanga, mwili wake wote umeelekea kule. Halafu akarudi ndani, akakaa kitandani.

Ndipo nilipojiambia kwamba dawa ninayo. Watu wametenda kwa sababu ya nusu niliyosema. Nikiwaambia nusu iliyobaki, watamwendea. Sikwenda kazini. Nilichukua karatasi yao na karatasi yetu, nikaenda kwa Mzee Shomari. Alikuwa barazani kwenye cherehani na wazee wanne wa tawi, wamekaa kimya kama watu wasiotaka kuulizwa kitu. Zuhura akanifuata nyuma.

"Shikamoo, Mzee Shomari."

"Marahaba, Fundi. Karibu ukae."

Sikukaa. Nilizilaza karatasi mbili juu ya kitambaa alichokuwa akishona. Nikasema, hesabuni alama. Hapa tatu, na hapa tatu. Mashine ni moja na ileile, na yetu imetoka ng'ambo kama yao, na maneno yetu yaliandikwa na wageni kama yao, na nimezifungua zote mbili kwa mikono hii. Kama Elia ni kibaraka kwa kuzungusha mkono, basi kibaraka ni mimi niliyeifunga yetu miguu. Nikasubiri wastuke.

Hakuna aliyestuka. Mzee mmoja akazisogeza karatasi upepo usizichukue.

"Tunajua, Fundi," akasema Mzee Shomari kwa upole.

"Mnajua?"

"Baba Asha, ulidhani sie vipofu?" Zuhura alisema nyuma yangu. "Sanduku lile nililipokea mie. Nikalifunika na khanga zangu."

Nilihisi kama nimekanyaga ngazi ambayo haipo. Nilikuwa nimebeba siri ile wiki zote hizo kama mtu aliyebeba yai, nikidhani likivunjika mtaa utabadilika, kumbe kila mtu ana lake.

"Basi tofauti yetu na wao iko wapi?" nikauliza.

"Tofauti kubwa," alisema Mzee Shomari. "Wale wanasaidiwa na watu wabaya."

"Tumewajuaje kuwa wabaya?"

"Si wanawasaidia wale?"

Alisema hivyo kwa moyo mweupe. Hakuwa mtu mwovu, na alipokufa miaka mingi baadaye nililia. Aliamini alichosema, na wazee wanne waliitikia kwa vichwa, na mimi nikaona kwamba siku ile uwanjani hakuna niliyemdanganya. Nilikuwa nimewapa tu sababu waliyoitaka, ikiwa na muhuri wa fundi. Nikamgeukia Zuhura. "Twende tukamzike Bibi." Alitikisa kichwa, machozi yanamlengalenga. "Nikienda mie, nitawaambia nini wanawake niliowakataza?"

Vijana wangu, ufundi wa kusema ni huu, na sina mwingine. Ukiitwa kushuhudia ubovu wa mashine moja na umeifungua ya pili yenye ubovu uleule, zitaje zote mbili palepale, pumzi ileile, hata kama aliyekuita anataka moja. Ukisubiri kesho uitaje ya pili, utakuwa unawaambia watu kitu wanachokijua, na watakuonea huruma.

Nilipitia nyumbani, nikachukua jembe, nikaenda makaburini peke yangu. Jua lilikuwa kali. Elia alikuwa ndani ya shimo, limemfika magotini, amevaa shati lake jeupe la ofisini lililoloa mgongoni. Alikuwa anamchimbia mama yake kaburi mwenyewe. Nimeishi miaka mingi, nimeona mengi, sijaona tena mtoto anamchimbia mama yake kaburi kwenye mtaa wenye wanaume. Mwinjilisti wa kanisa lao, mzee wa miaka mingi, alikuwa kando, anajaribu kumpokea koleo, na Elia hampi.

"Bwana Elia, toka, nichimbe mimi," nikasema. "Pole. Toka."

Hakuinua macho. Alitupa udongo mara mbili zaidi. Kisha akajiegemeza kwenye mpini.

"Ulisema kweli, Fundi," alisema. "Mashine ilitoka ng'ambo." Akajifuta jasho kwa mkono wenye udongo. "Mama yangu alitoka Njombe."

Nilimwambia kwamba nilizijua mashine mbili nikaitaja yake, na kwamba naomba anipishe. Halafu akanyoosha mkono nimvute, nikamvuta, nikaingia mimi. Hakusema amenisamehe, wala miaka yote iliyofuata hakusema. Baada ya uchaguzi, ambao mnajua tulishinda, alihama na mke wake, na duka letu halikupata tena ombi lenye sahihi yake.

Nilichimba mpaka viganja vikatoka malengelenge, maana mikono ya fundi wa taipureta ni laini. Shemeji yake Elia alifika kutoka Buguruni akanipokea, kisha wazee wawili wa kanisa. Mlinzi wa makaburi naye akaja kushika kamba. Jeneza tulilibeba kwa zamu zisizotosha, tukalipumzisha chini mara tatu njiani, jambo ambalo halifanyiki. Nyumba tulizopita zilikuwa na milango iliyorudishiwa, na nyuma ya milango nilisikia watu wanahema.

Nilifika nyumbani jua linaegemea. Zuhura alikuwa ameweka ndoo ya maji ya uvuguvugu uani, sabuni, na shati safi. Alinimwagia maji mikononi kwa kata, taratibu, akipitisha kidole juu ya malengelenge bila kuyauliza. Udongo ulipoisha, bado alikuwa anamwaga.

"Mlikuwa wangapi?" akauliza.

"Saba. Na mke wa Elia ndani."

Kata ikabaki hewani.

"Nani alimwosha?"

"Mke wa Elia."

"Na nani?"

"Peke yake," nikasema.

Zuhura akaiweka kata chini, akaitazama mikono yake miwili, kisha akaifuta kwenye khanga, akaifuta tena, nayo haikuwa na kitu.